Tuandikieni majaji wa rufani walikopitia

Mhariri,

Assalaam aleykum. Kila wanapoteuliwa Majaji wa Rufani, yaani wa mahakama ya juu kabisa nchini, gazeti hutupa picha ya kuapishwa na majina, basi. Mimi nilikuwa karani wa masjala ya mahakama hapa Chake Chake mpaka nikastaafu, na naomba mtuandikie zaidi: huyo jaji kapitia wapi?

Mjukuu wangu yuko Kidato cha Nne. Yeye na wenzake wanaamini kazi hiyo ni ya watoto wa wakubwa. Nikamhadithia marehemu Jaji Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Unguja: alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaingia jeshini na kufika cheo cha Brigedia, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar mwaka 1980, Jaji wa Rufani 1989, Jaji Mkuu wa Tanzania 2007, kisha Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Mtoto hakuwahi kulisikia hata jina lake.

Wengine huanzia chini, kwenye uhakimu, na hao ndio ninaowajua vizuri. Mahakama ya Rufani kwa kawaida haiiti mashahidi upya. Majaji watatu husoma kile alichokiandika hakimu siku ya kesi. Hakimu akiruka jibu moja la shahidi, limepotea, na mtu anaweza kukosa haki yake kwa sababu hiyo. Nimewaona mahakimu wakiandika ushahidi kwa mkono tangu asubuhi hadi adhuhuri, umeme umekatika, bibi wa Micheweni anaeleza mambo ya shamba lake la mikarafuu, na hakimu anamsimamisha kwa adabu: "Hebu rejea hapo, bibi, nisije nikakuandikia usilolisema." Hakimu wa namna hiyo akifika Rufani, atajua mwenendo wa kesi, yaani yale yaliyoandikwa mahakamani, unavyoharibika, kwa sababu kalamu ameishika mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko shahada ya pili.

Basi uteuzi ujao mtupe nusu ukurasa: alianza mahakama gani, alikaa huko miaka mingapi, hukumu zake zipi zilisimama zilipokatiwa rufaa. Na majaji wanawake muwaandike kwa kirefu, maana mjukuu wangu ni msichana, na ameshaniambia anataka kusoma sheria.

Karani mstaafu,
Chake Chake, Pemba