Alisema namhesabia siku

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa kumi alfajiri, na mume wangu ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi. Juzi alimwambia wifi yangu, nami nimesimama mlangoni na uji wake mkononi, kwamba mimi namhesabia siku. Sikujibu. Niliweka uji mezani, nikaenda uani nikajifanya naanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Unajua saratani ya tezi dume inavyomlegeza mtu miguu ikishafika kwenye uti wa mgongo, na unaijua ile sindano ya kila miezi 3 ya kuzima homoni ya kiume inayoulisha ugonjwa. Tulielezwa kuhusu joto la kumpanda ghafla na kuhusu mambo ya chumbani, ambayo niliyakubali siku ile ile na sijayalalamikia hata mara moja, Mungu ni shahidi. Hatukuelezwa kwamba mwanamume ambaye hakulia alipomzika mama yake angelia kwa sababu chai imepoa, kisha kabla machozi hayajakauka anigeukie kwa maneno kama yale. Tangu aanzishiwe deksamethasoni ya kupunguza uvimbe unaobana neva za mgongo, hukesha macho makavu akinituhumu hili na lile. Niliwahi kutamani kuvificha vidonge hivyo, lakini muuguzi alikuwa ametuonya visikatizwe ghafla, kwa kuwa mwili ukishavizoea huacha kujitengenezea homoni yake inayofanya kazi kama dawa hiyo, kwa hiyo nampa kila asubuhi kama tulivyoelekezwa. Ninachohesabu mimi ni vidonge, Shangazi, si siku.

Wifi anasema kaka yake hakuwa hivi, kwa hiyo lazima kuna maudhi ninayomfanyia. Mimi ndiye ninayemgeuza usiku asipate vidonda, na ndiye ninayebadilisha shuka likilowa jasho, wala sisemi haya ili nisifiwe. Ningeshukuru kama wifi angemchukua japo wiki moja nami nilale, ingawa nikiliwazia hilo gari likiondoka naye, naona nitalikimbilia hadi barabarani.

Usiku huu alinishika mkono na kuzungumza kwa ile sauti yake ya zamani, akasema amechoka, kwamba akilala anaomba asiamke, na kwamba nisithubutu kumwambia daktari. Nikamwahidi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Kliniki ni Jumatano. Nikisema mbele ya daktari, ataona nimemuuza, naye atapata ushahidi wa lile alilomwambia dada yake. Nikinyamaza na likatokea jambo, nitakuwa nilijua. Je, ahadi ya namna hiyo mke anaruhusiwa kuivunja, na daktari wa saratani husikiliza mambo ya moyo, au atatuona tunampotezea muda?

Na yale maneno ya juzi, Shangazi, aliyasema yeye au ni dawa?

Msomaji wako,
Morogoro