Kapu la bure na nyumba iliyo nyuma ya msikiti

Wiki mbili kabla ya Idi, mama mmoja anayeuza leso Biashara Street alikuja ofisini kwetu na simu mbili mkononi na daftari kwapani. Duka lake la mtandaoni, alilojengewa na mpwa wake kwa programu huria, lilikuwa limepata oda kumi na tisa kwa siku tatu. Kumi na mbili kati ya hizo zilijifuta zenyewe. Wateja wamelipa, pesa ziko kwenye tili (namba yake ya kupokelea malipo ya M-Pesa), lakini duka linasema hakuna aliyelipa. Kisutu, leso ya harusi, kilichokuwa kimebaki doti moja kimeuzwa kwa watu wawili. Na penye anwani, wengi wameandika "Mombasa", basi.

"Hii programu yenu ya wizi," akatuambia. Haikuwa yetu, lakini tulimkaribisha chai.

Programu haikuwa na wizi wowote, wala haikuharibika. Ilifanya kile ilichoandikiwa kufanya. Kila wiki huja mtu akitaka tumsaidie kuanza duka kama hilo, na karibu wote huanza na rangi: duka liwe la samawati au la dhahabu, picha kubwa juu au pembeni. Rangi ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe ni kulifundisha kapu, yaani hiyo programu ya duka, mambo mawili ambayo halikuzaliwa nayo: jinsi mteja wa hapa anavyolipa, na mahali anapokaa.

Ukitazama zilikotoka programu hizi utaelewa. osCommerce ilianzia Ujerumani mwaka 2000, na mwaka 2003 wengine wakachukua msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, wakaunda Zen Cart. PrestaShop ikatoka Ufaransa mwaka 2007, Magento ikafuata Marekani mwaka 2008. WooCommerce, inayokaa juu ya WordPress (programu ya kujengea tovuti na kuandikia makala), ilitolewa mwaka 2011 na kampuni yenye mizizi Cape Town, kwa hiyo angalau hiyo ina damu ya Afrika, ingawa nayo ilikulia kwenye kadi za benki. Mteja aliyekuwa akilini mwa waandishi hao ana kadi, ana namba ya nyumba na msimbo wa posta, na kila asubuhi hufungua barua pepe. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, osCommerce ilikuwa na miaka saba tayari.

Lakini huria maana yake si bure tu. Msimbo uko wazi, na kisichokufaa unaruhusiwa kukibadilisha bila kumpigia mtu magoti. Hilo ndilo linalofanya tuzipende.

Ipi uchague? Kwa duka dogo sisi huweka WooCommerce, kwa sababu ukikwama usiku wa manane utapata mtu duniani aliyekwama hapo hapo kabla yako. OpenCart ni nzuri kwa anayetaka duka peke yake bila mambo ya kuandika makala. Magento waachie wenye mafundi wa kuajiriwa. Kuuzia viungo vya pilau kwa Magento ni kukodi lori kwenda kununua mkate.

Anzia kwenye laptopu yako. XAMPP itakuwekea seva, hifadhidata na PHP (lugha zilizoandikiwa programu hizi) bila malipo, ujifunze bila kuaibika mbele ya wateja. Weka bidhaa tano, si mia tano. Ukishaelewa bei, picha na stoki ya hizo tano, ndipo ununue jina la tovuti na nafasi kwenye seva.

Sasa malipo, na hapa tutakaa kidogo.

Tangu 2017 Safaricom ina mlango wa mafundi unaoitwa Daraja, ambao tovuti yako hupitia kuzungumza na M-Pesa. Mteja akibonyeza "Lipa", simu yake inaonyesha kiasi na kumwomba PIN. Wengi wanakuita kule kutokea kwa ujumbe "STK". Akishaweka PIN, Safaricom hutuma jibu kwa tovuti yako, kwenye anwani ya mtandao uliyoiandikisha. Jibu likija na 0, pesa zimeingia. 1032 maana yake mteja ameghairi mwenyewe, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati, na 1 ni salio halitoshi. Zijue namba hizi, zitakuepusha kumfokea mtu aliyeishiwa tu.

Yule mpwa alitengeneza duka kwenye laptopu, akalihamishia kwenye seva, lakini anwani ya kupokea majibu ikabaki ile ya majaribio. Pesa zikawa zinakuja kwenye tili huku majibu yakienda kusikojulikana. Na WooCommerce, ikiwa inahesabu stoki, hulishikilia oda lisilolipiwa kwa dakika 60 kisha hulifuta na kurudisha bidhaa rafuni. Ndivyo oda kumi na mbili zilivyofutika, na ndivyo kile kisutu kilivyorudi kikauzwa tena kwa bibi harusi wa pili. (Huyo wa pili alirudishiwa pesa zake. Maneno aliyoyasema hatuyaandiki.)

Kwa hiyo, kabla ya kufungua duka, hakikisha anwani ya majibu inafikika kutoka nje na ina HTTPS, yaani mawasiliano yake yamefungwa yasisomwe njiani. Cheti chake hakina haja ya kununuliwa. Let's Encrypt hukitoa bure, kinadumu siku 90, na seva nzuri hukihuisha yenyewe. Ukitumia tili badala ya Paybill, kumbuka una namba mbili: ile unayobandika ukutani, na namba ya duka iliyo nyuma yake. Daraja inazitaka zote, kila moja mahali pake, na kuzichanganya ni kosa tulilolifanya sisi wenyewe zaidi ya mara moja. Mteja ataandika namba ya simu kwa kuanzia na 07 au 01, Daraja inataka ianze na 254, basi hakikisha plagini yako (kile kipande cha nyongeza kinachounganisha duka na M-Pesa) inabadilisha yenyewe. Halafu senti. Ukitoa punguzo la asilimia 10 kwa doti ya shilingi 1,255 unapata 1,129.50, na M-Pesa kwa njia hii haipokei nusu shilingi; ombi linakataliwa na mteja anaona duka bovu. Nenda kwenye mipangilio ya sarafu, weka desimali sifuri.

Kuna wanaotwambia, "Mimi nitaandika namba ya tili tu, mtu alipe anitumie skrinishoti." Kwa oda mbili kwa siku, sawa, na tumia njia ya malipo inayoliacha oda likisubiri uthibitisho wako badala ya kulifuta. Ila usiamini skrinishoti, wala SMS ambayo mteja ameku-forwadia. Ujumbe wa M-Pesa ni maandishi tu, mtoto wa darasa la sita anaweza kuyatunga. Thibitisha kwenye taarifa ya tili yako.

Jambo la pili ni mahali.

Kapu linauliza mtaa, namba ya nyumba, msimbo wa posta. Mteja wa Kisauni anataka kusema: ukishuka stejini, pita duka la dawa, nyuma ya msikiti, geti la kijani, uliza kwa Mama fulani. Hiyo ni anwani kamili kabisa, na mwenye bodaboda ataifikia bila ramani, lakini fomu haina pa kuiweka. Basi iondoe ile ya msimbo wa posta, barua pepe ifanye ya hiari, namba ya simu iwe ya lazima, kisha weka kisanduku kikubwa kimoja: "Tuelekeze mpaka mlangoni". Maneno hayo yamepunguza simu za "nimefika, uko wapi?" kuliko kitu kingine chochote tulichokiweka kwenye maduka ya wateja wetu.

Gharama ya kupeleka nayo ina mtego. WooCommerce hugawa maeneo kwa nchi, kaunti au msimbo wa posta. Kwake Mombasa yote ni kitu kimoja, kana kwamba kupeleka Tudor na kupeleka Likoni, na foleni ya feri katikati, ni safari ile ile. Huhitaji plagini ya kulipia. Ndani ya eneo la Mombasa weka bei tambarare (flat rate) kadhaa na kila moja uipe jina: Kisiwani, Nyali na Bamburi, Likoni, Changamwe na Jomvu. Mteja atajichagulia mwenyewe. Yuko atakayechagua Kisiwani naye anakaa Mtongwe, huyo mpigie. Ongeza na "Nitakuja kuchukua dukani", maana wengi wa hapa wanapenda kuchagua kwenye simu halafu waje wakushike mkono na kuuliza bei ya mwisho.

Lugha ni dogo lakini linaonekana. Tafsiri nyingi huandika "Ongeza kwenye rukwama". Rukwama kwetu ni gari la hamali wa Marikiti. Sisi huandika "Tia kapuni".

Picha: piga mchana karibu na dirisha, tandika leso nzima ili jina lake lisomeke, kwa sababu mnunuzi wa leso hununua maneno kabla ya rangi. Halafu ipunguze. Picha ya megabaiti nne kutoka kwenye simu itakula bando la mteja kabla hajaona bei, na seva nyingi za bei nafuu zitaikataa hata kuipokea.

Na tafadhali, ukikuta mtu anagawa bure plagini au sura ya duka ambayo mwenyewe anaiuza, kimbia. Tumesafisha maduka matatu yaliyoingiliwa kupitia vitu hivyo. Moja lilikuwa likiwapeleka wateja kwenye kamari. Za halali za bure ziko tele. Zihuishe mara kwa mara, na kila wiki toa nakala ya duka lote uiweke nje ya seva. Majina, simu na maelekezo ya nyumba za watu utakayokusanya yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo usiyageuze orodha ya kutumia watu matangazo wasiyoyaomba.

Ukija kwetu kulianzisha, tuletee bidhaa tano zenye picha na bei, namba zako za tili, na orodha ya unakopeleka na unacholipa boda. Siku ya mwisho, kabla ya kutangaza, tunaweka bidhaa moja ya shilingi kumi, na wewe unampa kiungo mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta. Unakaa mbali. Humwelekezi. Anunue mwenyewe, kwa pesa halisi na simu yake mwenyewe, nasi tunatazama anapokwama.

Yule mama wa Biashara Street alimpa dadake wa Mtongwe. Ujumbe wa PIN ukatokea, jibu likarudi, oda likasoma limelipiwa, stoki ikapungua moja. Tukafungua kile kisanduku cha "Tuelekeze mpaka mlangoni". Dada alikuwa ameandika: "Si unapajua kwangu."