Barabara ya ufukweni si njia ya baiskeli

Mhariri,

Nimesoma makala yenu inayohimiza watu wapande baiskeli katika vijiji vya pwani, na ramani yake nimeitazama kwa makini. Mstari mwekundu umeambaa na bahari mwanzo hadi mwisho. Unapendeza kuutazama. Lakini mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko kando ya barabara ya namna hiyo hiyo, na wanaoufuata mstari huo ndio wanaoniletea usukani uliopinda baada ya kugongwa na kioo cha gari. Naomba nafasi niseme kwamba njia tulivu ya baiskeli katika kijiji cha pwani haiko ufukweni. Iko nyuma ya kijiji.

Chukua kijiji chochote kilichokaa baharini. Nusu ya duara lake ni maji, kwa hiyo magari yote ya kuingia na kutoka yanabanana katika nusu iliyobaki. Na kwa kuwa kila mtu anataka kuiona bahari, ile barabara ya pwani ndiyo inayobeba mzigo wote: wakazi, wageni, mabasi, magari ya mizigo, na yule bwana anayekwenda polepole akitafuta pa kuegesha huku macho yake yako majini. Huyo ndiye ninayemwogopa kuliko dereva wa lori. Dereva wa lori angalau anatazama mbele.

Sasa geukeni muangalie barabara ndogo za nyuma. Nyingi haziendi popote. Moja inaishia kwenye uzio wa shamba, nyingine kwenye kijito, nyingine inamezwa na mchanga. Dereva hana shida na barabara isiyotokea upande wa pili, na haingii humo ila awe na mwenyeji wake. Mpanda baiskeli yeye, akikuta kijia cha upana wa mita moja na nusu kinachounganisha mwisho wa barabara hii na mwisho wa ile, ameshapata njia. Basi kazi ya kupanga njia tulivu ni kushona hizo ncha, na mara nyingi kinachohitajika ni kidaraja cha mbao, au ruhusa ya kupita pembeni mwa shamba la mtu, na nguzo mbili za kuzuia magari.

Hilo la nguzo halikuanza na mimi. Mji wa Houten, jirani na Utrecht nchini Uholanzi, ulipangwa hivyo tangu ulipoanza kupanuliwa: gari likitaka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine linatoka nje hadi barabara ya mzunguko, ndipo liingie tena. Baiskeli inakatiza katikati. Hakuna aliyenyimwa kufika nyumbani kwake kwa gari, isipokuwa amezungushwa kidogo, na mzunguko huo mdogo ndio unaowaachia wengine utulivu.

Wapo watakaosema: hizo njia za nyuma kwanza zipanuliwe na kuwekwa lami nzuri, ndipo watu wapande. Nawasihi wasifanye hivyo. Lami nyembamba, au hata changarawe iliyoshindiliwa vizuri, inatosha kwa tairi nene kidogo. Barabara ya nyuma ikishapanuliwa inakuwa njia ya mkato, na siku hizi mkato hauhitaji hata mwenyeji wa kuuonyesha. Siku ya mapumziko barabara kuu inajaa, simu inamwambia dereva akate kona, na nyuma yake wanafuata wengine walioambiwa vivyo hivyo na simu zao. Kijia kilichokuwa kimelala asubuhi, jioni kimekuwa foleni. Nguzo mbili zingelimaliza jambo hilo.

Tena utulivu wenyewe una hila yake. Barabara yenye magari machache si lazima iwe salama, maana magari hayo machache huenda mbio. Dereva aliyezoea kutokutana na mtu anaikata kona kama vile mbele hakuna kiumbe. Gari la kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde, na dereva aliyeshtuka anatumia walau sekunde nzima kabla mguu haujagusa breki. Kwa kilomita 30 ni mita 8 na kidogo. Na anayedhani mwendo mara mbili ni kishindo mara mbili, hesabu yake imekosea, kwa kuwa nguvu ya pigo inapanda kwa kipeo cha pili: mwendo mara mbili, pigo mara nne. Kwa hiyo nikimsikia mtu anasema njia fulani ni tulivu, namuuliza maswali mawili: magari mangapi, na yanakwenda mwendo gani? La pili ni zito kuliko la kwanza.

Kisiwa cha Jersey, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ufaransa, kina barabara nyembamba zilizotengwa kwa jina la Green Lanes, yaani vijia vya kijani. Magari hayakukatazwa humo, ila mwisho ni maili 15 kwa saa, yaani kama kilomita 24, na waenda kwa miguu, baiskeli na farasi ndio wanaopewa nafasi kwanza. Ubelgiji nayo iliingiza katika sheria zake mwaka 2012 barabara za baiskeli ambamo gari linaingia lakini haliruhusiwi kuipita baiskeli, na mwendo haupiti kilomita 30. Nampenda aliyeandika kifungu hicho. Kinachonitia hofu barabarani ni lile gari linalonisogelea kwa nyuma, linasita, linanguruma, halafu linapita likikwangua kiwiko changu ili liwahi kusimama mbele kidogo.

Nirudi kwenye ramani yenu. Ramani inayomwita mtu mahali pasipo salama ni mbaya kuliko kukosa ramani, kwani mgeni anaiamini. Waingereza waliliona hilo. Shirika la Sustrans, lililosimamia mtandao wao wa kitaifa wa njia za baiskeli, mwaka 2020 lilitangaza kuondoa sehemu au kuzishusha hadhi, karibu robo ya mtandao mzima, kwa sababu zilipita kwenye barabara zenye magari mengi au ya kasi. Mtandao ukapungua kwenye karatasi, na walikubali upungue. Nasi tukiwa na kilomita chache za kweli, zinatosha.

Halafu kwa nini mstari mmoja? Kijiji cha pwani kina upepo, na mpanda baiskeli anapaswa kuweza kubadili njia. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo unavuma kutoka baharini kwenda bara. Usiku na alfajiri mambo yanageuka, upepo mwepesi unatoka bara kwenda baharini. Wanaonijia nawaambia: toka mapema uelekee bara, utasukumana kidogo na upepo wa alfajiri wakati miguu bado mipya, na ukirudi kabla ya saa nne unaletwa nyumbani. Ukichelewa hadi alasiri, unarudi umechoka na bahari nzima inakupulizia usoni. Mwenye mstari mmoja atauvumilia. Mwenye wavu wa vijia anaingia nyuma ya miti au nyuma ya nyumba, anajificha.

Wavu huo nao una namna rahisi ya kuonyeshwa. Mwaka 1995, huko Limburg nchini Ubelgiji, Hugo Bollen, mhandisi aliyetoka kwenye kazi ya migodi, aliamua kuipa kila njia panda ya baiskeli namba, kama njia za chini ya ardhi zilivyokuwa na namba zake. Mpanda baiskeli anaandika 12, 47, 9, 30 kwenye kipande cha karatasi, anakibandika kwenye usukani na kuondoka. Akichoka pale 47, anachagua namba nyingine. Kibao kidogo cha namba kwenye kila njia panda, na mishale ya kuonyesha namba jirani, basi. Betri haihitajiki, na asiyesoma lugha yetu hapotei. Mpaka sasa ramani zangu nachora nyuma ya maboksi ya tairi, na wateja wanazigombania, jambo linaloonyesha uhitaji upo.

Kitu kimoja cha kifundi, maana ningeacha ningejilaumu. Mchanga uliopeperushwa hukusanyika upande wa ndani wa kona, mahali hasa gurudumu la mbele linapopita. Mwenye kuchora njia azikague kona zote baada ya siku ya upepo mkali, na mwenye kupanda asikamate breki ya mbele akiwa juu ya mchanga. Afunge kabla, apite ameziachia. Mkirudi, suuzeni baiskeli kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, bila mashine ya presha, kwa kuwa presha inasukuma maji hadi kwenye bearingi. Kausheni mnyororo, ndipo mtie mafuta. Chumvi haina haraka, lakini spoku nimeziona zikivunjika moja baada ya nyingine kwa mtu aliyekuwa akifuta fremu tu ing'ae.

Mkichapisha ramani nyingine, Mhariri, nawaomba mtume kwanza mtu aipande yote, asubuhi ya siku ya kazi, na tena Jumapili saa kumi jioni watu wakiwa wanarudi kutoka ufukweni. Awe na mtoto wa miaka kumi kwenye baiskeli yake mwenyewe. Sehemu yoyote ambapo mtu huyo atamwambia mtoto ashuke na kukokota, ifuteni.

Fundi baiskeli, pwani