Barua ya wazi kwa shangazi, kuhusu mashimo ninayochimba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Siku ile ya arusi uliniuliza mbele ya watu mtu aliyesoma anapata nini kwa kuchimba mashimo (wewe huiita hivyo kazi yangu ya akiolojia, ya kufukua mabaki ya watu wa kale), nami nikacheka nikaendelea na pilau yangu. Leo nakujibu hadharani, kwa kuwa wapo wengi wanaojiuliza hivyo kuhusu watoto wao.

Dhahabu sipati, na hata ningeipata isingekuwa yangu, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kujichukulia kinachotoka ardhini. Mshahara wangu unaujua, maana umewahi kunikopesha nauli. Nilichovuna ni vitu ambavyo havimo katika mkataba wowote.

Chukua mwiko. Wewe unasongea ugali; wangu ni ule wa waashi, ninaokwangulia udongo tabaka kwa tabaka. Msimu wangu wa kwanza Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale pwani ya kusini, niliibua vigae vya chungu kimoja, na wakati wenzangu wakibishana kama vimeungua nyumba ilipoteketea, mimi nilikuwa nakitazama chungu chako cha samaki: masizi kuanzia kitako hadi begani, mdomo msafi, yaani moshi wa jikoni, si wa nyumba kuungua. Kumbe miaka ile uliyonikalisha juu ya mbuzi nikune nazi, huku wenzangu wakicheza nje, nilikuwa darasani.

Halafu wewe mpenda mashairi, sikiliza hili. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Morocco, alimkuta Kilwa mwaka 1331, alitoa sarafu ndogo za shaba zenye jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema. Na maneno ya pande hizo mbili yana kina kimoja, kama mishororo ya shairi. Nilipoishika moja kiganjani, nyepesi kama kifungo cha shati, nilikukumbuka wewe kabla sijamkumbuka mwalimu wangu.

Nimejifunza bahari pia. Mimi niliyekulia bara sasa najua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, na wavuvi hunidai maoni yangu kuhusu upepo, ingawa nadhani wananitania.

Njoo mwezi wa saba ukaione Husuni Kubwa, magofu ya jumba la kifalme hapo Kilwa Kisiwani, na birika lake la pembe nane. Ila usivae vile viatu vya arusini, kwa sababu maji yakipwa mashua haifiki ukingoni, na utashuka kwa miguu yako kwenye tope.

Mwanao mchimba mashimo