Kipupwe mlimani: jasho la mtoto ndilo la kuogopa

Ndugu Mhariri,

Likizo ya katikati ya mwaka, Sabasaba na Nanenane zote huangukia kipupwe, na familia nyingi za Dar es Salaam siku hizi huzitumia kwenda kuonja baridi ya milimani: Lushoto, Morningside juu ya mji wa Morogoro, au matembezi ya siku moja Mlima Kilimanjaro, kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara. Ni jambo zuri. Ila maandalizi ya wengi huishia kwenye kusaka jaketi nene kuliko yote pale soko la mitumba la Karume, na mara nyingi matatizo huanzia kwenye jaketi hilo.

Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mandara iko karibu mita 2,700, kwa hiyo siku ambayo Dar ina nyuzi 28, kule tegemea kama 12. Nyuzi 12 hazimsumbui mtu mkavu anayetembea. Humsumbua aliyelowa kisha akaketi. Mtoto hupandishwa mlima akiwa amefungwa zipu hadi shingoni, jasho linalowesha fulana ya pamba, halafu familia inakaa nusu saa kula. Nguo mbichi hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa kavu, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko wa mtu mzima. Dakika 10 tu, midomo inatetemeka, na lawama zote anatupiwa mlima.

Badala ya nguo moja nzito, mvalishe tatu nyepesi. Ndani jezi ya mpira, ile ya polista isiyo na pamba. Katikati sweta ya sufu au jaketi laini la manyoya mafupi. Nje koti la mvua la kweli, maana msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata ukungu na manyunyu hata mwezi Julai. Jinzi iacheni nyumbani. Ikilowa haikauki siku nzima. Anzeni kupanda mkiwa mnahisi baridi kidogo. Baada ya dakika 10 simameni, mvueni mtoto sweta kabla jasho halijaanza. Mkisimama kupumzika, sweta irudi mwilini papo hapo, msingoje alalamike. Mapumziko ya dakika 5 kila baada ya nusu saa yanafaa kuliko kikao kimoja kirefu.

Akiba ya kila mtoto ni fulana 1, soksi pea 2, mzula na glovu. Zamani tungesema zifungwe kwenye mfuko wa rambo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019. Fundi cherehani yeyote anaweza kushona mfuko mzuri kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika.

Mbeleko nayo inahitaji neno. Mama anayepanda anatoa jasho na kuhisi joto, mtoto aliye mgongoni hajisogezi hata kidogo. Kifua chake kinalowa kwa jasho la mama, miguu inaning'inia nje kwenye upepo. Joto lako lisikudanganye kuhusu lake: ingiza mkono umguse shingo na tumbo kila nusu saa. Mvishe soksi mbili zinazopita magoti, na weka kitambaa kikavu kati yenu, ukibadilishe kikilowa. Aliye chini ya mwaka mmoja, kwa maoni yetu, abaki Marangu na shangazi.

Sasa saa. Mtu mzima hutembea kilomita 5 kwa saa, na kila mita 600 za kupanda zinamwongezea saa moja. Kutoka langoni hadi Mandara ni kama kilomita 8 na mita 850 za kupanda, yaani saa tatu. Mkiwa na mtoto wa miaka saba, ongezeni nusu yake: saa nne na nusu. Mkianza saa tatu asubuhi mtafika saa saba na nusu mchana, na kushuka kwa saa tatu kutawafikisha langoni saa kumi na nusu. Mkianza saa tano, kwa sababu basi lilichelewa na chai haikuisha, mtashukia gizani, na ndani ya msitu giza huingia mapema. Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka. Yetu ni saa nane kamili, hata kama paa za Mandara zinaonekana. Na msipande asubuhi ileile mliyoshuka kwenye basi la usiku: wengi hawanywi maji njiani wakiogopa haja, wanafika wamechoka na wamekauka. Laleni usiku mmoja Moshi au Marangu.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi huzaliwa nayo, na vitu vinavyoamsha maumivu yake, yaani baridi, kiu, uchovu na upungufu wa oksijeni, mlimani vyote vinakutana. Mtoto mwenye ugonjwa huu asipandishwe bila daktari wake kukubali. Hata aliyerithi kinasaba chake kwa mzazi mmoja tu, mwenye afya tele hapa Dar, anaweza kupata maumivu makali ya wengu upande wa kushoto wa tumbo akipanda juu sana. Wengi hawajui hali yao. Pimeni damu wiki kadhaa kabla ya safari.

Kuanzia mita 2,500 hivi kichwa kinaweza kuuma kwa kwenda juu tu. Mtoto mdogo hatakwambia. Atakataa kula, atalia bila sababu, ataacha kucheza. Dawa yake ni kushuka. Kumpa panado ili aendelee kupanda ni kuifunika dalili. Kwenye safari ya kileleni, watoto wa chini ya miaka 10 kwa kawaida hawaruhusiwi.

Baridi ikizidi, vidole hushindwa kufunga zipu, maneno yanakokoteka, hatua zinayumba. Mvue nguo mbichi, mvishe kavu, mfunike, mpe chai ya moto yenye sukari kama anaweza kumeza bila shida. Usimsugue mikono na miguu, wala pombe isimguse. Kutetemeka kukikoma huku bado amelegea, hali imekuwa mbaya zaidi, hajapona: abebwe kushushwa na atafutiwe daktari. Kwa mzee mwenye kisukari, dalili hizo hizo zinaweza kuwa sukari imeshuka. Mpime kwanza kama kipimo kipo, la sivyo mpe kitu kitamu.

Maji ni lita 2 kwa mtu mzima na 1 kwa mtoto, hata kama hakuna anayesikia kiu. Karanga, kashata na ndizi, kidogo kidogo.

La mwisho ni mizigo. Desturi yetu ni kumpa kijana mmoja mwenye nguvu begi kubwa la wote. Yeye hutangulia, bibi na wajukuu wanabaki nyuma, mvua inanyesha, na makoti yote yako kilomita moja mbele. Kila mtu, hata wa miaka mitano, abebe koti lake. Kila mtu mzima awe na maji, tochi na chakula chake begani, na asiye na mwendo ndiye atangulie.

Wapenda milima,
Ubungo, Dar es Salaam