Ndimu, msumari na swali la mtoto

Kayole, Nairobi
Jumapili jioni

Saida wangu,

Salamu nyingi, kwako na kwa mzee na watoto. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Julai imetukalia na mama anakohoa usiku. Kimya chetu tangu arusi ya Mkamburi tutakizungumza tukionana. Leo nina jambo na nina ombi, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika popote.

Gredi ya 7 wametengeneza betri za ndimu. Unazijua tangu chuo: msumari wa mabati upande mmoja, waya wa shaba upande wa pili, vyote ndani ya ndimu bila kugusana. Ndimu moja, mita inasoma karibu volti 0.9. Taa nyekundu ya LED inataka kama volti 1.8, na kwa hesabu mbili zingetosha, lakini ukishaiunganisha taa volti zinashuka. Kwa hiyo tukapanga nne, shaba ya hii kwenye msumari wa ile, na mguu mrefu wa taa upande wa shaba. Tukafunga madirisha kwa magazeti. Ikawaka, hafifu lakini nyekundu kabisa. Makelele yalifika ofisini.

Sasa sikiza. Yule msichana mkimya niliyekuambia habari zake alirudi kuchomoa misumari siku ya pili. Akaona imechubuka na kupauka pale ilipozama, na waya wa shaba uko vilevile. Akauliza, "Mwalimu, kama umeme ni wa ndimu, mbona kinacholiwa ni msumari?"

Saida, sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo darasani. Na kabla sijafungua kinywa, mwalimu mwenzangu aliyekuwapo akamwambia umeme umo ndani ya ndimu, andika hivyo, tuendelee. Mtoto akaandika. Iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu alikuwa ameona kwa macho yake kitu cha kweli, akaambiwa akiache.

Kipindi kilichofuata niliwaambia wachomoe misumari, waweke shaba pande zote mbili. Mita haikusoma kitu. Wakarudisha msumari, ikasoma. Tukajaribu chungwa, nyanya, nanasi, mwisho kiazi: volti zikawa zinazunguka palepale. Ndimu kubwa na ndogo, palepale. Hapo hata wale wa nyuma wakanyamaza. Ndipo nikawaeleza: zinki iliyopakwa kwenye msumari huachia elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba umeme, kwa urahisi kuliko shaba, na yenyewe inayeyuka taratibu kwenye maji ya ndimu. Elektroni zinapita kwenye waya, zinawasha taa, zinafika kwenye shaba, na hapo haidrojeni ya ile asidi inazipokea na kuwa viputo. Ndimu inaipa chaji njia ya kupita. Nguvu inatoka kwa zinki inayoliwa.

Halafu nikawapa kisa cha Galvani na Volta, wale wanasayansi wawili wa Italia, maana ni ugomvi uleule! Galvani aliona miguu ya chura aliyekufa ikiruka ilipoguswa na metali mbili, na mwaka 1791 akaandika kwamba umeme umo ndani ya mnyama. Volta akasema hapana, tazameni metali. Mwaka 1800 akatangaza rundo lake la visahani vya zinki na fedha, katikati vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na hapakuwa na chura wala tunda. Naye hakumaliza yote. Alidhani metali zikigusana tu inatosha, na kazi ya kemia ikabaki kwa waliomfuata. Lakini msichana wa miaka 12 hapa Kayole amesimama upande wa Volta bila kusoma kitabu chochote, na daftari lake bado lina jibu la kwanza.

Wiki ijayo wazazi wanakuja kuona kazi za watoto, na bango limeshaandikwa "Umeme wa ndimu" kwa herufi kubwa. Nataka libadilishwe. Nimeambiwa nisichanganye watoto. Je, mtoto anachanganywa na ukweli aliougundua mwenyewe?

Mengine kwa haraka. Wazazi wanalalamika juu ya gharama za matunda, na nawaelewa. Tumeanza kukata ndimu nusu, kila nusu inakuwa betri yake mradi zisigusane. Huwa nasimama pale mwisho wa kipindi kuhakikisha zote zimetupwa. Zimeshaingiwa na zinki, na kuna watoto wanaokuja bila kula asubuhi. Hilo linanisumbua kuliko yote, na sijui nikuandikieje. Na wavulana wanataka kuchaji simu stima ikipotea! Tulipiga hesabu pamoja: ndimu moja haifikishi hata miliampea moja, zingehitajika kwa maelfu.

Ombi langu ni hili. Zinki ya msumari ni koti jembamba tu, ikiisha chuma kinaanza kuliwa na volti zinashuka. Nimezunguka Luthuli, taa na waya zipo tele, vipande vya zinki tupu sijapata. Maabara yenu bado ina zile bamba za zamani? Mkuu wenu atakubali uniazime chache? Na wewe umewahi kujaribu viazi vya kuchemsha? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hebrew kule Jerusalem walionyesha mwaka 2010 kwamba kiazi kilichochemshwa kinaweza kutoa nguvu hata mara 10 ya kibichi, kwa kuwa ukinzani wa ndani, yaani kile kinachouzuia umeme kupita, unapungua. Dakika ngapi unadhani zinafaa kwa viazi vyetu? Wanafunzi wako waliwahi kuuliza swali kama hili, na uliwajibuje? Bango ungeliandikaje wewe? Na Athumani amepata uhamisho au bado?

Bamba zikipatikana, mpe Salim wa basi, si Athumani, nami nitazifuata River Road kabla ya Alhamisi.

Wako,
Wanjiru