Mabadiliko ya mchezo wa Jumamosi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kwa kuwa sasa tumefika watano, na mchezo wetu wa mezani, Catan ya msingi, huishia wachezaji wanne, Jumamosi hii saa tisa alasiri, mahali petu pa kawaida, tutacheza Wingspan ya mwaka 2019, ambamo kila mmoja hujenga hifadhi yake kwa kadi kutoka rundo la kadi 170 za ndege na mayai madogo ya rangi (huviringika hadi chini ya meza, hivyo mwenye trei aje nayo). Wapenda ushirikiano wasinung'unike: wiki ijayo ni Pandemic, ambamo sote tunapambana na magonjwa manne, na tukishindwa, tumeshindwa pamoja. Tafadhali someni kanuni mapema, kisha thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi usiku.